Kanga, kulungu na kola ya umeme: uchambuzi wa kisa cha mbwa mmoja wa kuwinda ndege huko Iowa

Kanga ni mbwa jike wa aina ya German Shorthaired Pointer. Ana miezi 16, na anaishi na familia ya Wakongo mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Jina alipewa na mtoto wa nyumba hiyo kwa ajili ya vidoa vyeupe vilivyomjaa mgongoni, kama kanga wa porini. Baba mwenye nyumba ametokea Kivu Kusini, anafanya kazi kiwandani, na kuwinda ndege waitwao fezanti alifundishwa na mwenzake wa zamu aliyezaliwa shambani. Mimi nafundisha mbwa wa ndege huku huku mashariki mwa Iowa, na kwa kuwa Waswahili wenye mbwa wa kuwinda si wengi, tulifahamiana upesi. Alinipigia simu wiki ile msimu ulipofunguliwa.

"Kaka," akasema, "niambie kola gani ya umeme ninunue. Huyu mbwa akishamwona kulungu, mimi hanijui tena."

Swali hili la kola ya umeme, yaani mkanda wa shingoni unaompiga mbwa umeme ukibonyeza rimoti, naulizwa kila mwaka, na najua watu wengi hujibiwa kwa kutajiwa jina la kampuni, mazungumzo yakaishia hapo. Kwa maoni yangu kola ndiyo inayochaguliwa mwisho. Kwanza uangalie mbwa anajua nini, mkono utakaoshika rimoti ukoje, na shambani kuna nini. Kisa cha Kanga kinaonyesha hayo yote matatu, ndiyo maana nakieleza kwa urefu.

Hali ilivyokuwa

Fezanti ni ndege wa nyasi ndefu, na hupenda kukimbia chini kuliko kuruka. Iowa inamruhusu mwindaji madume watatu kwa siku, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 na nusu jioni, tangu Jumamosi ya mwisho ya Oktoba hadi Januari 10. Mbwa wa aina ya Kanga humtangulia mwindaji mita mia moja, mia mbili, akipeperusha pua huku na huku. Akinasa harufu ya ndege anaganda hapo hapo, mguu mmoja juu, na anatakiwa asubiri mpaka mwindaji amfikie. Kanga hilo analo kwa kuzaliwa. Nilipomwona mara ya kwanza akiganda mbele ya njiwa niliyemficha kwenye majani, nilijua tatizo lake haliko puani.

Shida ni kwamba nyasi anamolala fezanti ndimo anamolala pia kulungu mkia-mweupe. Novemba ni wakati wao wa kupandana, madume wanazurura mchana kutwa. Kanga akimtimua kulungu anamfuata moja kwa moja, filimbi haisikii, jina lake halisikii. Barabara za changarawe za Iowa zimepimwa kwa miraba, karibu kila maili moja unaikuta nyingine, na majira hayo malori ya mahindi yanapita tangu alfajiri hadi usiku. Mbwa anayemfukuza kulungu kwa dakika tatu lazima atavuka barabara. Kanga alikuwa ameshavuka, na dereva mmoja alilazimika kufunga breki hadi lori likayumba.

Kuna na upande wa watu. Iowa hairuhusu mbwa kutumiwa kuwinda kulungu, na mwenye shamba aliyekuruhusu kwa hisani yake utafute ndege hatafurahi kuona mbwa wako akiwatawanya kulungu wake siku chache kabla ya msimu wa bunduki wa Desemba. Ukifukuzwa shamba moja, habari hufika mashamba jirani kabla hujafika nyumbani.

Kola iliyokuwa ndani ya gari

Nilipouliza kama Kanga ameshawahi kuvishwa kola ya umeme, baba yule alisita. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari akatoa kiboksi. Alikuwa ameinunua mtandaoni kwa dola 40 hivi, haina jina la maana, na maelezo yake yaliahidi umbali wa karibu kilomita moja.

Niliishika kiganjani mwangu. Ngazi ya umeme ya 1 hadi ya 4 sikuhisi chochote. Ya 5 ilinifanya niachie. Nikabonyeza tena, ikakaa kimya, halafu ikapiga baada ya kama sekunde moja. Kifaa chenye kasoro hizo mbili, kuruka ngazi na kuchelewa, hakifundishi kitu. Mbwa huunganisha maumivu na kile anachokitazama au kukinusa wakati huo huo, na sekunde moja kwake ni muda mrefu mno.

Na ndivyo ilivyotokea. Siku ya ufunguzi baba yule alimpoteza Kanga machoni kwenye majani marefu, akadhani amekimbilia kulungu, akabonyeza. Kanga hakuwa amekimbilia kulungu. Alikuwa ameganda mbele ya fezanti. Alilia, akarudi akajibana nyuma ya miguu ya bwana wake, na tangu hapo akinusa ndege katika majani mazito anakata kona na kumzunguka kwa mbali.

Nilipoambiwa hivyo, suala la kununua kola nyingine nililiweka kando kabisa. Mbwa anayekimbia kulungu ana tabia ya kurekebishwa, lakini mbwa wa ndege anayemwogopa ndege amepoteza kazi yake. Kwa wiki kadhaa tulifanya kazi bila kola: njiwa kwenye vizimba vya kurushia, uwanja mfupi wenye majani kidogo, sifa nyingi, na bunduki ndogo ya kutoa mlio tu, kwa mbali. Alirudi taratibu. Alipoanza tena kuganda bila kutazama nyuma, ndipo tulipokaa mezani kuzungumzia umeme.

Je, ilikuwa lazima?

Hapa nisingependa msomaji aruke. Wales ilipiga marufuku kola hizi 2010. Ujerumani, mahakama ya juu ya masuala ya utawala iliamua 2006 kwamba matumizi yake yanakiuka sheria ya ulinzi wa wanyama. Austria, Denmark, Norway na Sweden nazo zimezikataa. England ilipanga kuzuia zile za rimoti kuanzia Februari 2024, lakini kanuni hiyo haikukamilika. Kwa hiyo Mswahili anayesoma haya akiwa Cardiff au Berlin, kinachofuata hakimhusu kisheria, labda kwa kujua tu. Na aliye Kenya, uwindaji wenyewe ulifungwa 1977.

Sababu za kuzikataa si za watu wenye huruma ya kupitiliza. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kilifuatilia mbwa 63 waliokuwa na matatizo kama ya Kanga, kutoitika na kufukuza mifugo, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba waliofundishwa kwa kola hawakuwazidi waliofundishwa kwa zawadi, tena walionyesha dalili zaidi za wasiwasi. Utafiti mwingine, wa Hannover, uliotoka 2007, ulipima homoni ya msongo katika mate ya mbwa wa aina ya beagle waliogawanywa makundi matatu. Waliopigwa umeme bila mpangilio ndio waliopanda zaidi. Waliopigwa kwa kutoitika wakafuata. Waliopigwa pale tu walipogusa kiwindwa, ambao waliweza kujua kipi kinaleta nini, hawakupanda kwa kiasi cha maana.

Mimi naisoma tafiti hiyo ya Hannover kama maelezo ya kilichompata Kanga siku ya ufunguzi. Kwake umeme ulishuka bila sababu anayoielewa, akajitafutia sababu, akamwona ndege.

Mbona basi nilikubali? Kwa sababu ya malori. Tulishajaribu kamba ndefu ya mita 10 na vipande vya maini, na uwanjani Kanga aliitika vizuri sana. Kamba hiyo haiwezi kuburutwa kwenye matete ya mtaro na nyaya za miba bila kumnasa mbwa, na msimu ulikuwa unaendelea. Chaguo lingine la heshima lilikuwa kumfungia nyumbani mwaka mzima na kuendelea na kamba. Nililitaja, na nilimwambia nitamheshimu akilichagua. Yeye na mkewe walizungumza, wakaamua kola, kwa masharti yangu.

Umbali

Karatasi ya tangazo huanza na umbali, na mnunuzi naye huanzia hapo. Tulikuwa na vifaa vitatu mezani, vya kuazima na vya kwangu: SportDOG 425X, umbali wa yadi 500, yaani kama mita 450, ngazi 21; Mini Educator ET-300 ya E-Collar Technologies, nusu maili, ngazi 100; na Dogtra 1900S, robo tatu ya maili, ngazi 127.

Baba yule mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye Dogtra, kwa sababu kulungu anakwenda mbali. Ni hoja inayoeleweka, na ndiyo iliyomwumiza mbwa wake mara ya kwanza. Sharti langu la kwanza kwake lilikuwa hili: usibonyeze mbwa usiyemwona. Aliyetoweka kwenye majani anaweza kuwa ameganda kwa ndege, amenaswa kwenye waya wa miba, au anarudi kwako tayari. Ukilishika sharti hilo, umbali unaouhitaji ni ule wa macho yako, na katika nyasi za Iowa macho hayafiki mita 300 mara nyingi. Zaidi ya hapo, kumgeuza mbwa aliyeanza kumfuata kulungu ni kazi ya hatua zake za mwanzo. Akishafika mita mia tano, amekolea.

Hata hivyo namba za kwenye boksi hupimwa kwenye uwanda mtupu. Mahindi yaliyosimama na majani yaliyolowa hula mawimbi, na mbwa akiwa bondeni huku mwili wake umeziba antena ya kola, umbali unapungua zaidi. Kwa hiyo nilitaka akiba. Yadi 500 zilinipa shaka. Nusu maili ilitosha.

Ngazi, na kidole ndani ya glavu

Kanga ana manyoya mafupi na ngozi laini, na alikuwa ameshatishwa. Kwa mbwa kama huyo jambo kubwa ni kupata ngazi ya chini kabisa anayoihisi, na kupanda kidogo kidogo kutoka hapo. Kifaa cha ngazi 21 ni kizuri na kigumu, nimekitumia kwa mbwa wa maji wenye manyoya mazito bila malalamiko. Hapa hatua zake zilikuwa pana mno. Tukabaki na viwili.

Nilimwambia baba yule avae glavu zake za kuwindia, afumbe macho, aweke bunduki yake tupu begani, kisha mkono mwingine utafute kitufe cha mguso mfupi, yaani cha umeme wa kupita mara moja. Watu wengi hawafanyi jaribio hili dukani, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Dogtra ilikaa vizuri mkononi, kitufe akakipata mara moja. Lakini alipoirudisha mfuko wa fulana na kuitoa tena, namba kwenye skrini ilikuwa imehama: kirungu cha kuzungusha kilikwaruza mshono wa mfuko. Kwa mbwa mwingine ningesema azoee tu kutazama skrini. Kwa Kanga, kupanda ngazi kwa bahati mbaya mara moja kungeturudisha kwenye njiwa na vizimba.

ET-300 ni ya mviringo, inaingia kiganjani, na inaruhusu kufunga ngazi: ukishaiweka, kuzungusha hakubadilishi kitu mpaka uifungue kwa makusudi. Glavu zilimshinda mwanzoni, vitufe viko karibu karibu. Tukabandika kipande kidogo cha msasa juu ya kitufe cha mguso mfupi, akafumba macho tena, akakipata. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa, kwa karibu dola 200. Mlio na mtetemo inao pia. Mtetemo nilimwomba asiutumie, kwani wapo mbwa wanaouogopa kuliko umeme mdogo, na Kanga ana dalili zote za kuwa mmoja wao.

Jinsi ilivyovishwa

Kwa siku kadhaa alivaa kola iliyozimwa, wakati wa kula, wa kucheza, wa kupanda gari. Mbwa akivaa kola dakika moja tu kabla ya kupigwa, atajifunza kuitika akiwa nayo na kukuasi akiwa hana.

Ilikaa juu shingoni, karibu na taya, vijiti viwili vifupi vya chuma vikigusa ngozi, vidole viwili vikipita kwa kubana chini ya mkanda. Ikilegea, vijiti vinagusa na kuachia, mwenye mbwa anadhani ngazi ni ndogo, anapandisha, halafu siku vinapogusa sawasawa mbwa anapigwa ngazi isiyokuwa yake. Na isikae kutwa. Ikishakaa kwa muda wa saa nane hivi itolewe, na katikati isogezwe kila saa moja au mbili, la sivyo vijiti vinachimba vidonda ambavyo watu hudhani ni kuungua kwa umeme, kumbe ni mgandamizo. Kabla ya kutoka nyumbani, ile taa ndogo ya majaribio iwekwe kwenye vijiti ionekane ikiwaka.

Ngazi tuliitafuta uani kwao, jioni, hakuna ndege wala bunduki. Kanga ananusa majani, mimi napandisha moja moja. Kwenye 9 sikio la kushoto likatikisika, akageuza kichwa akamtafuta nzi asiyekuwepo, akaendelea kunusa. Hapo tukasimama. Mwenye mbwa alishangaa: alikuwa anasubiri kilio. Nilimpa aishike kola kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake, kwa 9 hiyo hiyo, akasema hahisi.

Kisha kamba ndefu, filimbi, mguso wa 9 na kuvuta kamba kidogo kwa pamoja, na vyote vinaachiwa papo hapo anapogeuka. Akifika, maini. Hatukumfundisha neno jipya. Wito aliujua tayari, na umeme uliongezwa juu ya kitu anachokijua, kwa hiyo aliweza kujua namna ya kuuzima.

Kumwitia, au kumtia hofu ya kulungu?

Wafundishaji wengi ninaowaheshimu wangefanya vingine. Njia yao ni kumwacha mbwa aanze kumfukuza kulungu, kunyamaza kimya, kisha kumpiga ngazi ya juu ili aamini kwamba kulungu ndiye aliyemwumiza. Inafanya kazi, mara nyingi kwa mara moja au mbili, na mbwa wengi hubaki na fundisho hilo maisha yao yote.

Kwa Kanga nilikataa. Kulungu wa Iowa anatoka kwenye majani yale yale ya fezanti, mara nyingi mbwa akiwa tayari ana harufu ya ndege puani. Mbwa aliyeshawahi kumhusisha ndege na maumivu, ukimpiga kwa nguvu sekunde ambayo kulungu anaruka na ndege yuko mita tano mbele yake, nani atakuhakikishia amemlaumu nani? Kwa mbwa asiye na historia hiyo hatari ni ndogo. Kwake ilikuwa kubwa kuliko faida. Tukabaki na wito: kulungu akitokea, filimbi, mguso, geuka, njoo. Ni njia ndefu zaidi, na inamtaka mwenye mbwa awe macho muda wote. Faida yake ni kwamba ikikosewa, mbwa anachanganyikiwa kidogo juu ya filimbi, haogopi ndege.

Msisimko hupunguza hisia, kwa hiyo 9 ya uani haikutosha shambani. Tuliipata ngazi ya shambani kwa sungura na kwa njiwa waliokwisharuka, kamwe si kwa ndege aliyetulia majanini, ikawa kati ya 18 na 22. Ikafungwa 20.

Desemba

Theluji ya kwanza ilipoanguka nilitoka nao. Kulungu jike alichomoka kwenye mtaro wa mierebi, Kanga akamfuata. Filimbi. Akaendelea. Filimbi na mguso mmoja. Alikwenda hatua kama arobaini zaidi, kisha nikaona bega lake likiinama kushoto, akachora upinde mpana kwenye theluji, akarudi ulimi nje. Nusu saa baadaye aliganda kwenye ukingo wa mahindi, akasubiri, na dume la fezanti likaruka. Hilo la pili ndilo nililokuwa nikiliombea.

Wiki iliyofuata baba yule alikuwa peke yake. Kulungu wawili walivuka kilima, Kanga nyuma yao, na kabla hajatoa rimoti mfukoni mbwa alikuwa hayupo machoni. Hakubonyeza. Alipuliza filimbi, akatembea, akampata baada ya kama robo saa amesimama kando ya barabara ya changarawe akinusa matairi. Aliponisimulia sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa. Mimi niliona kinyume: lile sharti lilishikwa siku lilipokuwa gumu kulishika.

Lakini tukio hilo lilionyesha ambacho kola ya aina hii haiwezi. Mbwa aliyevuka kilima anahitaji kuonekana, na hilo ni suala la GPS. Garmin Alpha inaonyesha mbwa kwenye ramani, kwa maili 9 penye uwazi kwa mujibu wa kampuni, na baadhi ya kola zake zina umeme ndani yake pia. Bei ni mara kadhaa ya alicholipa, na aliyeko Ulaya asiiagize kutoka Marekani, kwani masafa yake ya redio hayaruhusiwi huko. Nilimshauri anunue ya kufuatilia tu na abaki na rimoti aliyokwisha izoea, ili ramani isimshawishi kubonyeza kialama kinachotembea kwenye skrini.

Fedha hiyo hana kwa sasa. Amesema atanunua akirudishiwa kodi yake ya mapato, Februari au Machi. Mpaka wakati huo tumechora upya orodha ya mashamba yake. Mawili yanayopakana na barabara ya lami tumeyafuta. Lililozungukwa na mto pande mbili limebaki, na Kanga ameongezewa kengele ya shaba shingoni, kwenye mkanda wa kawaida ulio chini ya kola, isije ikagonga vile vijiti.